Kauli ya kutendwa kwenye tovuti: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kurasa za Kiswahili ninazoletewa kuhariri hapa Kampala huja na kosa moja lenye sura mbili. Sura ya kwanza ni ya mwandishi aliyezoea barua za ofisini. Kwake kila jambo linafanywa, linatolewa, linaombwa, linashauriwa, na huoni mtu hata mmoja anayelifanya. Sura ya pili ni ya mwandishi aliyefundishwa uandishi wa Kiingereza, akaambiwa kwamba kauli ya kutendwa ni mwiko kwenye intaneti. Huyu anaipindua kila sentensi mpaka lile jambo msomaji alilolifuata linajificha mwisho wa mstari.

Wote wawili wajiulize swali moja: msomaji amefungua ukurasa huu akitafuta nini? Akitafuta kitu, yaani matokeo, ada, fomu au mzigo wake, kitu hicho kikae mwanzo wa sentensi, na kauli ya kutendwa ndiyo itakayokiweka hapo. Akitaka kujua ni nani anayelipa, aliyefunga au atakayejibu, basi mtu huyo atajwe na kitenzi kiwe cha kutenda. Hatua zote zinazofuata zinatoka kwenye swali hilo.

## Vitu vya kuandaa

- Rasimu nzima ya ukurasa, pamoja na kichwa, vichwa vidogo, maneno ya vitufe na ujumbe wa makosa. Watu wengi huhariri aya peke yake na kusahau vitufe.
- Simu ya kawaida yenye kioo kidogo. Wasomaji wako wengi wanasomea huko, kwa bando la kununua.
- Orodha ya maneno ambayo wasomaji wenyewe hutumia wanapouliza. Yachukue kwenye ujumbe wanaokutumia na kwa wanaopokea simu ofisini.
- Kamusi ya Kiswahili.
- Kalamu za rangi mbili, kama umechapisha rasimu kwenye karatasi.
- Msomaji mmoja asiye wa ofisini kwako. Dereva anayesubiri forodhani Malaba, mama wa duka Kikuubo au Mkongo anayeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale atakufaa kuliko mwenzako wa meza ya pili, maana mwenzako tayari anajua ulichotaka kusema.

## Hatua ya 1: Zungushia kila kitenzi cha kutendwa

Pitia rasimu polepole na uzungushie kila kitenzi ambacho kiima chake ndicho kinachotendwa jambo: imefungwa, zitalipwa, mnaombwa, yalitolewa. Kwa rangi ya pili, pigia mstari kila mahali ambapo mtenda ametajwa kwa "na": imefungwa na polisi, zitalipwa na mzazi.

Sababu ni kwamba jicho la mwandishi huzoea sentensi zake. Ukisoma bila kalamu utaona maana, hutaona kauli.

Tahadhari: si kila kitenzi chenye mwisho wa -wa ni cha kutendwa. Kuchelewa, kuelewa na kulewa havimo. Jaribu kuongeza "na fulani" baada yake. "Mlango umefungwa na mlinzi" inasimama, lakini "basi limechelewa na dereva" haisimami.

Umefanikiwa ukiweza kuona kwa kutupa jicho tu mahali vitenzi hivyo vilipojazana. Aya ambayo vitenzi vyake vyote vimezungushiwa karibu kila mara ni barua ya ofisi iliyohamia kwenye tovuti.

## Hatua ya 2: Sahihisha umbo na upatanisho

Kabla ya kuamua kitenzi kipi kibaki, hakikisha vyote vimeundwa vizuri. Vitenzi vingi havina shida: lipa, lipwa; funga, fungwa; tangaza, tangazwa. Shida huanza pale kitenzi kinapoishia na irabu mbili.

- Irabu ya kwanza kati ya hizo mbili ikiwa e au o, mwisho ni -lewa: pokea, pokelewa, toa, tolewa, ondoa, ondolewa.
- Ikiwa a au u, mwisho ni -liwa: kataa, kataliwa, nunua, nunuliwa, chukua, chukuliwa, pakua, pakuliwa.
- Kitenzi kilichokwisha kuwa katika kauli ya kutendea huongeza w tu: andikia, andikiwa, letea, letewa.
- Vyenye asili ya Kiarabu: jibu, jibiwa, sajili, sajiliwa, ruhusu, ruhusiwa, samehe, samehewa, sahau, sahauliwa.
- Vifupi: kula, kuliwa, kupa, kupewa, kunywa, kunywewa.

Kwa hiyo "imechukulwa" na "imenunulwa", ambazo huonekana kwenye matangazo ya nyumba na magari, zirekebishwe ziwe imechukuliwa na imenunuliwa.

Kosa kubwa zaidi liko mwanzoni mwa kitenzi. Katika kauli ya kutenda, kiima mara nyingi ni mtu, na a-, wa- na tu- hazimsumbui mtu yeyote. Ukigeuza sentensi iwe ya kutendwa, kitu ndicho kinachokuwa kiima, na kitu kina ngeli yake. Hapo Kiswahili cha mtaani cha Kampala huweka i- kila mahali: "malipo imepokelewa", "vitabu imeletwa", "maombi itajibiwa". Sokoni mtaelewana vizuri kabisa. Kwenye tovuti ya shule au ya kampuni, msomaji kutoka Dar es Salaam au Mombasa ataona haraka kwamba ukurasa haukuhaririwa, na ataanza kutilia shaka hata bei zilizoandikwa hapo. Andika malipo yamepokelewa, vitabu vimeletwa, maombi yatajibiwa.

## Hatua ya 3: Tenganisha kutendwa, kutendewa na kutendeka

Usiiharakishe hatua hii. Herufi moja hapa inaweza kumpeleka mtu benki bure.

Anza na kutuma. "Fedha zako zimetumwa" maana yake ziko njiani. "Fedha zako zimetumiwa" maana yake zimekwisha, mtu amezitumia. Lakini "umetumiwa fedha" ni sahihi kabisa, kwa kuwa sasa kiima ni mpokeaji. Mzazi wa Gulu anayesubiri kurudishiwa karo kwa simu akisoma "fedha zako zimetumiwa", anayo haki ya kupiga kelele.

Kulipa ni vilevile. Ukurasa wa ufadhili ukisema "wanafunzi 20 watalipwa", wazazi watafika wakidai pesa mkononi. Kama mfadhili anapeleka karo shuleni moja kwa moja, andika "wanafunzi 20 watalipiwa karo".

Kuna mengine ya kukagua kila mara:

- Utapigiwa simu. Anayeandika "utapigwa simu" amemtishia mteja.
- Utaletewa mzigo nyumbani. Mzigo ndio unaoletwa, mteja analetewa.
- Utatumiwa ujumbe wa kuthibitisha. "Utatumwa ujumbe" inamfanya mteja kuwa tarishi.

Kanuni ni hii: kiima kikiwa kitu kinachotendwa, tumia kutendwa. Kikiwa mtu anayefikiwa na jambo hilo, tumia kutendewa.

Sasa kutendeka. "Daraja limevunjika" ni habari ya daraja. "Daraja limevunjwa" inasema yupo aliyelivunja. "Umeme umekatika" inamwambia mteja asubiri. "Umeme wako umekatwa" inamwambia ana deni. Kampuni inayoandika umekatwa pale nguzo ilipoanguka inawafanya wateja wake waaminifu watafute risiti bila sababu.

Upande wa pili una uzito zaidi. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 14, 2021, intaneti ilizimwa nchini Uganda. Tume ya Mawasiliano, UCC, iliziagiza kampuni za simu ziizime. Mwandishi anayeandika kwamba intaneti "ilizimika" siku hiyo amegeuza amri iliyotolewa na watu kuwa hitilafu ya mitambo. Kutendeka kunafuta mtenda kabisa. Kutendwa kunaacha nafasi yake wazi, na msomaji anaweza kuuliza nani. Kwa hiyo usichague kutendeka eti kwa sababu kunasikika kwa upole.

Umefanikiwa ikiwa kwa kila kitenzi ulichozungushia unaweza kusema: hapa yupo aliyetenda, hapa hakuna, hapa mtu amefikiwa na jambo.

## Hatua ya 4: Panga upya vichwa vya habari

Hapa ndipo kauli ya kutendwa inapokuwa na faida kubwa kwenye tovuti, na ndipo wale walioambiwa ni mwiko wanapopoteza wasomaji.

Jakob Nielsen, Mdenmark aliyetumia miaka mingi kupima jinsi watu wanavyosoma tovuti, alieleza mwaka 2006 kwamba macho ya wasomaji hufuata umbo linalofanana na herufi F. Mistari ya juu husomwa zaidi, kisha macho hushuka upande wa kushoto yakigusa maneno ya mwanzo tu. Mwaka uliofuata akaandika kwamba kauli ya kutendwa, ambayo kwa kawaida huwashauri waandishi waiepuke, inafaa kwenye vichwa pale inapoleta maneno muhimu mwanzoni. Nielsen alikuwa akizungumzia Kiingereza, ambako kutendwa huongeza maneno. Kwetu ni w iliyowekwa ndani ya kitenzi, kwa hiyo faida inakuja bila gharama hiyo.

Linganisha vichwa hivi viwili vya habari ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, unaosimamiwa na baraza la mitihani, UNEB:

UNEB yatangaza matokeo ya PLE
Matokeo ya PLE yatangazwa

Mzazi wa Masaka hatafuti UNEB. Anaandika "matokeo ya PLE" kwenye simu, na macho yake yanatafuta maneno hayohayo kwenye orodha inayotokea. Kwamba UNEB ndiyo iliyotangaza anajua tayari, na ukitaka kuitaja, sentensi ya kwanza ya habari ina nafasi.

Lakini kila tukio lina wasomaji wake. Oktoba 17, 2018 Rais Museveni alifungua daraja jipya la mto Nile pale Jinja. Tovuti ya wasafirishaji ingeandika "Daraja jipya la Jinja lafunguliwa", kwa sababu madereva walikuwa wamechoka kupita juu ya bwawa la zamani la Owen Falls. Tovuti ya habari za siasa ingeandika "Museveni afungua daraja jipya Jinja". Vichwa vyote viwili ni sahihi, kila kimoja kwa wasomaji wake.

Kuna vichwa vya mwongozo pia, vile vinavyoanza na "jinsi ya". Ukurasa wenye vichwa vidogo vinane vya "jinsi ya" una upande wa kushoto usiosema chochote, kwa sababu jicho linakutana na maneno yaleyale mara nane. Vigeuze hivi:

- Pasipoti inavyoombwa
- Pasipoti iliyopotea inavyoripotiwa
- Ada inavyolipwa kwa simu

Neno la kwanza sasa linatofautisha. Ukurasa ukiwa na kichwa kimoja tu, "Jinsi ya kuomba pasipoti" haina ubaya wowote, na pengine ndivyo watu wanavyoandika wanapotafuta. Angalia orodha yako ya maneno.

Tahadhari: kutendwa kusikotanguliwa na jina la kitu hakufai kitu kwenye kichwa. "Yaamuliwa kuhusu ada za hosteli" inamwacha msomaji na kitenzi kisicho na mwenyewe.

Umefanikiwa ukiweza kufunika kwa kidole kila neno la kichwa isipokuwa mawili au matatu ya mwanzo, na bado mtu akajua ukurasa unahusu nini. Fanya jaribio hilo kwenye simu.

## Hatua ya 5: Mtafute mtenda aliyefichwa

Rudi kwenye vitenzi ambavyo hukuvipigia mstari wa rangi ya pili, yaani visivyo na mtenda. Kwa kila kimoja uliza: nani? Majibu ni machache.

Kila mtu anamjua, au hana umuhimu. "Chuo Kikuu cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922." Acha ilivyo.

Hajulikani. "Nyaya za taa za barabarani zimeibwa." Acha ilivyo, na uongeze kwamba aliyeiba hajajulikana ikiwa ndivyo.

Ni sisi. Hapa acha kutendwa, tumia tu-.

Jibu hilo la tatu ndilo linalokwepwa. "Ada imepandishwa." Na nani? Na hosteli yenyewe iliyoandika tangazo. Basi iandike: "Tumepandisha ada ya chumba kuanzia muhula ujao", na sababu ifuate. "Makosa yalijitokeza katika bili za Machi" iwe "Tulituma bili za Machi zikiwa na makosa, tumewatumia wateja wote bili mpya." Bei, ucheleweshaji, makosa na kurudisha pesa ni mambo manne ambayo mteja ana haki ya kuona jina la aliyetenda. Mimi siwaruhusu waandishi ninaowahariri kuyaandika kwa kutendwa, na nadhani kila mhariri angefanya hivyo.

Taarifa za watu ni jambo la tano, na hili lina sheria. Kuna tovuti nyingi zenye mstari huu chini ya fomu: "Taarifa zako zitahifadhiwa na zinaweza kutolewa inapobidi." Zitahifadhiwa na nani? Zitatolewa kwa nani? Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa amweleze mwenye taarifa ni nani anayezikusanya na kwa kusudi gani. Andika: "Tunahifadhi jina na namba yako ya simu ili tukujulishe mzigo wako ukifika. Hatumpi mtu mwingine."

Wakati mwingine mtenda aliyefichwa ni msomaji mwenyewe. "Fomu ijazwe na irudishwe kabla ya Ijumaa." Wazazi wanaosoma hivyo hudhani mwalimu ndiye atakayeijaza. Sema naye: "Jaza fomu hii uirudishe shuleni kabla ya Ijumaa."

Mwisho, angalia inasemekana, inaaminika, inashauriwa. Kwenye ukurasa wa afya maneno haya ni ya hatari. "Inashauriwa mtoto apewe maji zaidi" haina mwenye kuulizwa kama mambo yakiharibika. Kama daktari wa zahanati yenu ndiye anayeshauri, mtaje kwa cheo chake.

## Hatua ya 6: Kagua "na" na "kwa"

Mtenda huja na "na", chombo au njia huja na "kwa". Malipo yanafanywa na mteja, kwa simu. Ukuta umejengwa na fundi, kwa matofali. Nguvu za asili huhesabiwa kuwa watenda: kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifukiwa na maporomoko ya udongo Machi 1, 2010.

Waandishi waliokulia na Luganda huiacha "na" bila kujua, kwa sababu lugha yao haiihitaji hapo. Husema "ekyayogerwa nnabbi", yaani kilichosemwa na nabii, na nabii anafuata kitenzi moja kwa moja. Matokeo yake ni sentensi kama "barua imesainiwa mwenyekiti". Irudishe: imesainiwa na mwenyekiti.

Shida nyingine ni kwamba "na" hiyohiyo huunganisha sentensi. Soma hii kwenye kioo cha simu: "Kikao kilihudhuriwa na mwalimu mkuu na wazazi walipewa nakala za ratiba." Msomaji anafika kwenye "wazazi" akidhani nao wamo katika waliohudhuria, kisha anakutana na kitenzi kingine na kulazimika kurudi nyuma. Weka nukta baada ya mwalimu mkuu. Yatosha.

## Hatua ya 7: Vitufe, fomu na ujumbe wa makosa

Kitufe ni amri: Lipa. Pakua fomu. Tuma ombi. Usiandike "Malipo yafanywe hapa".

Jambo likishafanyika, kutendwa kunafaa kuliko kitu kingine, kwa sababu mteja ana wasiwasi na kitu chake: "Malipo yako yamepokelewa. Risiti imetumwa kwenye namba uliyolipia." Ukianza na "Tumepokea" si kosa, ila macho yake yanatafuta neno malipo.

Mteja akikosea, kutaja kitu badala ya mtu kunamwondolea aibu. "Umeandika namba vibaya" iwe "Namba ya simu haijakamilika. Andika tarakimu 10, ukianza na 07." Mtambo wenu ukishindwa, kubalini wenyewe, kisha mwambieni hali ya pesa yake: "Tumeshindwa kupokea malipo yako. Pesa hazijakatwa kwenye simu yako. Jaribu tena." Kauli ya kutenda imebeba lawama, ya kutendwa imebeba kitu anachokihofia. Mchanganyiko huo ndio ninaopenda kuuona.

## Hatua ya 8: Maelezo ya jinsi kitu kinavyotengenezwa

Vyama vya wakulima wa kahawa vinaandika kurasa za wanunuzi, na hapa sioni sababu ya kukwepa kutendwa. Mnunuzi anaifuata kahawa kutoka shambani hadi gunia. "Kahawa ya arabika ya Mlima Elgon huchumwa ikiwa nyekundu, humenywa, huachwa ichachuke, huoshwa, kisha huanikwa." Ukimweka mkulima kwenye kila kitenzi, kahawa inapotea. Kahawa ya robusta ina njia yake: huanikwa na maganda yake, na ikikauka huitwa kiboko.

Vunja mfululizo pale ambapo mikono ya mtu ndiyo sifa ya bidhaa. Kama wanachama wenyewe wanachambua punje moja moja, sema "wanachama wetu huchambua".

Maelekezo kwa msomaji ni jambo tofauti. Anayetaka kupika rolex, chapati yetu ya kukunjia mayai, aambiwe "pasua mayai, katakata nyanya", asiambiwe mayai hupasuliwa.

## Mfano mzima

Hili ni tangazo la aina ninayoletewa mara kwa mara kutoka ofisi za mabasi:

"Wateja wote mnaarifiwa kwamba kutokana na mabadiliko yaliyofanywa, mizigo yote inayotumwa Arua inatakiwa iletwe kabla ya saa 11 jioni na ilipiwe na jina la mpokeaji na namba ya simu iandikwe. Mpokeaji atapigwa simu mzigo ukifika. Mizigo itakayochelewa kuchukuliwa itatozwa ada."

Baada ya hatua zote:

Mizigo ya Arua inapokelewa mpaka saa 11 jioni

Leta mzigo ofisini kabla ya saa 11 jioni. Andika juu yake jina na namba ya simu ya mpokeaji, kisha lipa dirishani.

Mzigo ukifika Arua, mpokeaji atapigiwa simu na karani wetu.

Mzigo ukikaa ofisini zaidi ya siku tatu, tunamtoza mpokeaji ada ya kuutunza.

Kichwa kina kutendwa kwa sababu mizigo ya Arua ndiyo inayotafutwa. "Mnaarifiwa" imeondoka, tangazo lenyewe ni taarifa. "Mabadiliko yaliyofanywa" yameondoka kwa sababu hayamsaidii mtu aliyebeba gunia. Yaliyo wajibu wa mteja yamekuwa amri. "Atapigwa" imekuwa atapigiwa, tena na mtu anayetajwa. Ada imepewa mwenyewe, maana mizigo haitozwi, wanaotozwa ni watu. Na "itakayochelewa" imepewa siku, ili karani na mpokeaji wasigombane.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa msomaji, kisha panga siku ya kurudi

Mpe yule msomaji wako wa nje simu yenye ukurasa. Usimweleze chochote. Muulize mambo matatu: ukurasa unahusu nini, yeye anatakiwa afanye nini, na jambo likiharibika atamtafuta nani. Akikwama kwenye la kwanza, rudi hatua ya 4. Akikwama kwenye la pili au la tatu, rudi hatua ya 5. Mwombe pia asome kwa sauti. Pale anaposita na kuanza upya mara nyingi kuna "na" mbili zinazogongana.

Kisha andika kwenye kalenda siku ya kuukagua tena ukurasa, kwa sababu sentensi za kutendwa huchakaa kimyakimya. "Yatatangazwa" hubaki hapo miezi baada ya matokeo kutoka. Bwawa la umeme la Karuma lilizinduliwa Septemba 2024, na ukurasa wowote unaosema linajengwa umepitwa na wakati. Watenda nao hubadilika. Tangu Aprili 1, 2025 usambazaji wa umeme uliokuwa ukifanywa na kampuni iitwayo Umeme uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo tafuta ndani ya tovuti yako maneno kama "hukatwa na", "hulipwa kwa" na "husambazwa na", uone jina linalofuata kama bado ndilo. Anza na kurasa za malipo na za mawasiliano, kwa kuwa huko jina lililopitwa na wakati humpotezea msomaji nauli.